Ulitokaje, Uliumia Wapi, Nani Wako: Mazungumzo na Wastaafu wa Jeshi, Likoni

Haya ni mazungumzo niliyoyatoa Likoni, Mombasa, Jumamosi alasiri mbele ya wastaafu wa jeshi, wake zao na wajane. Wengi walikwama ng'ambo kwa ajili ya foleni ya feri, wengine walikuwa wagonjwa, na simu hazijaacha kulia tangu jana: "Ulisema nini? Tuandikie." Nimeyaacha kama yalivyotoka mdomoni. Nimeondoa salamu ndefu na maswali ya mwisho yaliyohusu mambo ya ndani ya watu.

Asalaam aleikum. Bwana asifiwe. Na nyinyi mliokaa nyuma kabisa mkijifanya hamnioni, hamjambo?

Wazee wangu, mama zangu, nduguzanguni, mwenyekiti amenipa saa moja na ameniomba nisiwasomee sheria, maana mara ya mwisho mtu aliposoma sheria ukumbini humu mlilala. Sitasoma. Lakini nitazitaja, kwa sababu ukifika dirishani ukasema "nasikia kuna sheria", utaambiwa nenda kailete. Ukiitaja kwa jina na kwa mwaka, karani anajiweka sawa kitini.

Mimi si daktari, wala si wakili. Baba yangu alikuwa mwanamaji hapo Mtongwe, na mimi nimekula mkate wangu kwenye dirisha la rekodi hospitalini, lile dirisha mnalolichukia nyote. Ninachokijua ni karatasi. Ipi inapokewa, ipi inarudishwa, na mtu anakuwa na uso gani inaporudishwa.

Hebu mkono juu. Nani hapa anaamini kwamba kwa kuwa alilitumikia jeshi, atatibiwa bure mpaka siku ya kuingia kaburini? Msione haya. Haya, mikono mingi. Sasa nani amewahi kulazwa, akapona, kisha akazuiliwa mlangoni kwa ajili ya bili?

Mnaona? Mikono ni ile ile.

Jamani, hakuna kapu moja lililoandikwa "Mstaafu" ambalo ndani yake mna matibabu yenu yote. Ningependa liwepo. Mzee mmoja ameniambia nje, kabla hatujaingia, "Serikali itupe kadi moja, tumalize maneno." Nakubaliana naye kabisa, na Sheria ya Wanajeshi Wastaafu ya 2022, inayozungumzia nyinyi pamoja na wanaowategemea, ndiyo ya kushikilia mnapodai jambo hilo. Daini. Lakini mwenye kisukari hangoji mjadala uishe. Leo hii, haki zenu za matibabu zimetawanyika. Moja iko kwenye bima ya Wakenya wote. Nyingine iko kwenye mpango wa jeshi lenyewe. Nyingine iko kwenye fidia ya jeraha. Na kila mlango una karani wake na swali lake.

Nimeyasikia maswali hayo mpaka nimechoka, na yote yanarudi kwa matatu. Ulitokaje? Uliumia wapi? Nani wako? Mwenye majibu ya matatu hayo kwa karatasi, anatibiwa. Mwenye majibu hayo kwa mdomo, anasikilizwa kwa heshima sana, kisha anaambiwa arudi kesho.

Ulitokaje?

Cheti cha kutoka jeshini. Kiko wapi? Usiniambie kiko nyumbani, nyumba ina vyumba. Kiko wapi?

Kuna mzee mmoja wa hapa hapa upande wa Kusini, alistaafu salama, kwa heshima zake. Alipokuja dirishani kwetu alikuwa na karatasi zote, zimepangwa kwenye bahasha ya kaki, kijeshi kabisa. Nikafurahi. Nikaanza kuzilinganisha. Cheti cha jeshi kinamwita Mohamed. Kitambulisho kinamwita Muhammad, na kimeongeza jina la babu. Kitabu cha benki ambamo pensheni inaingia kimefupisha jina la pili likawa herufi moja na nukta. Mzee amesimama mbele yangu mzima, ana kovu shingoni ambalo kila mtu Likoni analijua, lakini kwa mujibu wa karatasi nina watu watatu mbele yangu, na hakuna hata mmoja ninayeweza kumwandika.

Alikasirika. Akaniambia, "Mimi nimelinda bahari hii kabla wewe hujazaliwa." Kweli kabisa. Na mfumo wa kompyuta haujui kuona haya. Ukiandika herufi moja tofauti, unakwambia hayupo.

Dawa ya hilo si ngumu. Ni hati ya kiapo kutoka kwa wakili, inayosema majina haya yote ni ya mtu mmoja, na ikibidi, kubadilisha jina rasmi. Fanya wakati una nguvu ya kupanda ngazi za ofisi ya wakili. Hapa Pwani tatizo hili ni letu hasa. Tunaandikwa na makarani wasioyajua majina yetu, halafu sisi wenyewe tunaona haya kuwasahihisha.

Upande wa pili wa swali la "ulitokaje" unauma zaidi, na najua humu ndani wako wanaoniangalia chini. Kuna aliyestaafu muda wake ulipokwisha. Kuna aliyetolewa na madaktari kwa sababu ya ugonjwa. Kuna aliyefukuzwa. Mafao ya jeshi hayawatazami watatu hawa kwa jicho moja, na ukienda kuomba chochote cha jeshi, mstari wa kwanza kusomwa kwenye cheti chako ni ule wa sababu ya kutoka. Lakini nisikilize wewe uliyefukuzwa, na wewe mke wa aliyefukuzwa. Uraia hukufukuzwa. Katiba ya 2010, kifungu cha 43, inasema kila mtu ana haki ya afya, na kwamba hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura. Haikuongeza "ila aliyekosana na kamanda wake." Kwa hivyo ukae hapa tusikie la bima, linakuhusu kama linavyomhusu brigedia.

SHA. Nasikia mnaguna. Gunieni mmalize.

Tarehe 1 Oktoba 2024 NHIF, bima yetu ya zamani ya hospitali, ilifunga kazi na SHA, Mamlaka ya Afya ya Jamii, ikaanza. Ile kadi ya NHIF uliyoitunza pochini tangu enzi za Moi sasa ni kumbukumbu, iweke na picha za harusi. Na wengi wenu mmekwama hapa: mlikatwa NHIF kwenye mshahara miaka yote mkiwa kazini, hamkuwahi kulipa kwa mkono wenu, na mnadhani bado kuna mtu mahali fulani anawakata. Kuna sajenti mstaafu alilazwa Makadara, Hospitali Kuu ya Pwani, na mwanawe akaja kwetu akijiamini kabisa. "Baba ana SHA." Nikaangalia. Kweli, baba amesajiliwa. Hajalipa hata senti. Kijana akasema, "Lakini alipata ujumbe kwenye simu kwamba amefaulu."

Amefaulu kujisajili! Kujisajili ni jambo moja, kulipa ni jingine. Semeni na mimi. Kujisajili ni jambo moja... Ahsanteni.

Ukijisajili tu, kwa *147# au kwa mhudumu, unafungua hazina ya afya ya msingi. Hiyo ni zahanati na kituo cha afya, na huko hulipi. Presha, malaria, kidonda, anza huko. Ukitaka hospitali kubwa, kulazwa, upasuaji, hiyo ni hazina ya pili, na hiyo inataka mchango. Mwenye mshahara anakatwa asilimia 2.75. Asiye na mshahara, na hapa ndipo wengi wenu mlipo, anaulizwa maswali kuhusu nyumba yake na maisha yake, kisha anapangiwa kiasi. Hakishuki chini ya shilingi 300 kwa mwezi, na hulipwa kwa mwaka mzima kwa mkupuo. Yaani 3,600 kwa yule wa chini kabisa. Najua si pesa ndogo kwa mtu mwenye wajukuu sita nyumbani. Kuna mpango wa Lipa SHA Pole Pole unaokukopesha ada ya mwaka ukalipa kidogo kidogo. Hazina ya tatu ni ya dharura na magonjwa sugu, inayosaidia pale ya pili inapofika kikomo. Uliyejisajili bila kulipa, usiihesabu.

Na ukiona umepangiwa kiasi kinachokushangaza, usikimbie ukanyamaza. Rudi uangalie ulijibu nini. Wapo waliojaziwa na wajukuu, na mjukuu akataka kumpamba babu, akaandika nyumba ya mawe yenye umeme na kila kitu. Babu anakaa kwenye nyumba hiyo, ndiyo, lakini ni ya kupanga.

Mpango wa bima wa jeshi, ule mnaouita DEFMIS, ni jambo jingine na hauchukui nafasi ya SHA. Uliyechangia ukiwa kazini, uliza wewe mwenyewe, kwa nambari yako ya jeshi, kama jina lako limo na kama la mkeo limo. Usiulize kupitia shemeji.

Uliumia wapi?

Hapa nitakaa kidogo, mniwie radhi, maana hapa ndipo watu wengi wanapopoteza haki yao, na wanaipoteza wakiwa vijana, kabla hata hawajajua watakuja kuihitaji.

Mfanyakazi wa kiwanda kule Changamwe akikatwa kidole na mashine, ana Sheria ya Fidia ya Majeraha Kazini ya 2007. Inamlinda. Je, mwanajeshi? Sheria ile inawataja wafanyakazi wote, wa serikali wakiwemo, isipokuwa wanajeshi. Ndiyo mzee, umesikia sawasawa. Nyinyi mmetolewa humo. Fidia yenu inapitia taratibu za jeshi lenyewe, na taratibu za jeshi zina swali moja: imeandikwa wapi kwamba uliumia kazini?

Nawajua wanaume wawili waliofanya kazi chumba kimoja cha injini, kwenye meli moja ya doria. Nyinyi wanamaji mnakijua chumba hicho kuliko mimi. Joto, mafuta, na kelele ambayo baba alikuwa akisema huisikii kwa masikio, unaisikia kwa meno. Wote wawili leo ni viziwi nusu. Ukienda kwa wa kwanza, redio unaisikia tangu barabarani, na mkewe amezoea kumwita kwa kumrushia kokwa la embe. Wa pili naye vile vile, haoni raha msikitini kwa sababu hasikii hotuba.

Tofauti yao ni moja. Yule wa pili, akiwa bado kijana, alikwenda kwa tabibu wa kambi akasema sikio la kushoto linapiga mluzi usiku kucha. Wenzake walimcheka. Tabibu akaandika mistari miwili, akatia tarehe na sahihi, akampa matone. Basi. Mistari miwili ile ndiyo iliyosimama mbele ya bodi ya madaktari miaka hiyo yote baadaye. Yule wa kwanza hakwenda kamwe, kwa sababu jeshini kuripoti ugonjwa ni uzembe. Si ndivyo mlivyofundishwa? Si ndivyo? Sasa anaambiwa uziwi wake ni wa uzee. Na hana la kuonyesha.

Wenzetu Marekani walifikia mahali wakaona si haki kumbebesha mwanajeshi mzigo wote wa kuthibitisha. Majeshi yao Iraq na Afghanistan yalikuwa yakichoma taka kwenye mashimo ya wazi, na vijana wakavuta moshi ule. Walipoanza kuugua mapafu na saratani, walikuwa wakiambiwa walete ushahidi. Mwaka 2022 wakapitisha sheria inayoitwa PACT. Sasa, ukionyesha ulikuwa maeneo yaliyotajwa na una ugonjwa uliotajwa, inachukuliwa kwamba uliupata kazini. Ningependa kusikia mbunge mmoja, mmoja tu, akiuliza kwa nini chumba cha injini kisichukuliwe vivyo hivyo.

Kwa kuwa nimeitaja Marekani, naona kuna vijana wawili humu wamekuja likizo kutoka jeshi la huko, na mama zao wamenivuta pembeni. Kwenu nyinyi maswali ni yale yale. Aliyejiunga baada ya Septemba 1980 kwa kawaida anatakiwa awe ametumikia miezi 24 mfululizo au muda wote alioitiwa, isipokuwa kama alitolewa kwa sababu ya kuumia kazini, na asiwe ametoka kwa fedheha. Karatasi yenu ya kutoka jeshini inaitwa DD 214, msiiache kwa rafiki. Wakiwaandikisha wanawapanga katika makundi 8 ya kipaumbele, na jeraha lililotambuliwa kuwa la kazini linakupandisha. Ukirudi kuishi Mombasa, idara yao ya wastaafu, VA, haina hospitali hapa. Ina mpango wa matibabu ya nje ya nchi, na mpango huo unalipia majeraha na magonjwa yaliyotambuliwa kuwa ya kazini. Malaria ya Mtwapa hawalipi. Kwa hivyo jeraha litambuliwe kabla hujapanda ndege ya kurudi kuishi huku. Na familia za wazee wa King's African Rifles, lile jeshi la Waingereza la enzi za ukoloni, waliobaki ni wachache mno, kuna jumuiya ya Uingereza ya kuwasaidia wapiganaji wa makoloni, Royal Commonwealth Ex-Services League, ambayo hufanya kazi kupitia vyama vya wakongwe vya hapa nchini. Tuonane baadaye.

Turudi. Je, yule ambaye karatasi yake iko, lakini imekaa kwenye faili la jeshi na hajaiona miaka ishirini?

Kuna Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016. Inasema ombi liandikwe kwa Kiingereza au kwa Kiswahili. Kwa Kiswahili! Huhitaji kumlipa mtu wa taipu akuandikie "Dear Sir". Na kama huwezi kuandika, afisa anatakiwa akusaidie kuliandika. Ofisi inatakiwa kujibu ndani ya siku 21, na kama jambo linahusu uhai wa mtu, ndani ya saa 48. Wasipojibu, malalamiko yanakwenda kwa Ombudsman, ofisi inayopokea malalamiko ya wananchi dhidi ya ofisi za serikali. Kuna pia Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019, inayokupa haki ya kuziona habari zako mwenyewe zilizowekwa na ofisi yoyote.

Sasa nisikilizeni namna ya kuandika. Usiombe "faili langu lote". Utaambiwa ni usalama wa taifa, na kesi imekwisha hapo. Omba ukurasa wa matibabu. Andika nambari yako ya jeshi, mwaka uliojiunga, kikosi, mwezi na mwaka ulioumia, mahali, na hospitali ya jeshi iliyokutibu. Omba nakala ya ripoti ya jeraha na maelezo ya daktari. Karibu kila barua niliyoiona ikikataliwa iliomba kila kitu. Halafu peleka nakala mbili, moja igongwe muhuri wa kupokelewa, urudi nayo nyumbani. Bila muhuri ule, siku 21 zinahesabiwa kuanzia lini?

Kuna jeraha jingine ambalo halina kovu. Naona mmenyamaza.

Majeshi yetu yaliingia Somalia Oktoba 2011. Januari 2016 tukazika vijana wa El Adde, kambi yetu iliyoshambuliwa huko. Januari 2017, kambi ya Kulbiyow, vile vile. Waliorudi wakiwa hai tuliwapokea kwa biriani, na tukaona yamekwisha. Nina jamaa yangu, sitasema ni nani kwangu, aliyerudi mzima, viungo vyake vyote vipo. Siku moja tuko feri, tunavuka kwenda mjini, ule mlango wa chuma ukashuka kwenye gati kwa kishindo kama unavyoshuka kila siku. Nilipogeuka hayupo. Alikuwa chini, kifudifudi, kati ya miguu ya watu, na mikono yake imemkinga mtoto wa mtu asiyemjua. Watu walicheka. Tangu siku hiyo akitaka kwenda mjini anazunguka barabara ya Dongo Kundu kwa matatu, na nyumbani analala sakafuni karibu na mlango.

Familia ilisema amepandwa na jini. Akaandikiwa kombe, yale maandishi ya aya yanayooshwa kwa maji, akanywa. Akasomewa. Mimi siwazuii kusoma wala kuomba, nami pia nilisoma. Lakini kombe haliandikwi kwenye faili! Wakati anazungushwa kwa waganga, miaka inapita, na hakuna daktari hata mmoja aliyeandika kwamba mtu huyu hali yake ilianza alipotoka vitani. Siku akiomba msaada, ataulizwa: mbona hukuwahi kutibiwa?

Hospitalini Port Reitz, hapa Mombasa, wapo wataalamu wa akili. Nendeni. Sheria ya Afya ya Akili ilirekebishwa 2022, na anayetoa bima ya afya hatakiwi kumbagua mtu kwa sababu ya ugonjwa wa akili. Na lile lililokuwa likiwatisha wengi, kwamba aliyejaribu kujiua atashtakiwa, Mahakama Kuu ilisema Januari 2025 kwamba kifungu kile kinakwenda kinyume cha Katiba. Kwa hivyo mama, ukimkuta mwanao katika hali hiyo, mkimbize hospitali, usimfiche.

Nani wako?

Wanaume, hapa nawasema nyinyi. Mna fomu mlizojaza mkiwa na miaka ishirini, hamjaoa, mkaandika jina la mama. Mama Mungu amrehemu. Umeoa, una watoto watano, na kwenye faili bado wewe ni kijana wa mama yake.

Pale mjini, barabara ya Jomo Kenyatta, kuna sanamu ya askari wa Vita Kuu ya 1914 hadi 1918, mnaipita kila siku. Wapagazi wa vita vile walikufa kwa maelfu kwa maelfu, na mishahara ya wengi waliokufa haikuwafikia jamaa zao, kwa maelezo kwamba warithi hawakujulikana. Hawakujulikana! Kana kwamba walizaliwa na miti. Zaidi ya miaka mia imepita, na mimi dirishani kwangu nimeyasikia maneno hayo hayo yakiambiwa mjane aliyevaa buibui na kushika mkono wa mtoto.

Mjane huyo aliolewa kwa nikaha halali. Walii alikuwepo, mashahidi walikuwepo, mahari ilitajwa, pilau ililiwa. Cheti hakikuchukuliwa, kwa sababu mume alisema kitachukuliwa wiki ijayo. Wiki hiyo haikufika. Mume akafariki. Mjane yuko ndani anakaa eda, miezi minne na siku kumi, hatoki. Karatasi zote akampa shemeji amshughulikie. Sisemi mashemeji wote ni wabaya. Nasema huyu alipomaliza kushughulika, jina lililoingia halikuwa la mjane wala la watoto. Alipotoka eda, shahidi mmoja amekufa na mwingine yuko Muscat. Ilibidi aanze safari ya Mahakama ya Kadhi kuthibitisha kwamba alikuwa mke wa mtu aliyelala naye nyumba moja maisha yake yote. Na katikati ya safari hiyo mtoto wake mdogo alilazwa, hana bima, kwa sababu alikuwa mtegemezi wa mtu ambaye kwenye karatasi si baba yake.

Mlio na wake wawili, msijifanye mnaangalia simu. Sheria ya Ndoa ya 2014 inataka ndoa zote zisajiliwe, za Kiislamu, za kimila, zote. Kama wa pili ni siri, ujue bima haitunzi siri, wala haimtibu mtu wa siri. Na wale wa ndoa za kimila, Wamijikenda wenzangu, Wakamba, Waluo mliohamia hapa na kambi tangu jeshi la wanamaji lilipoanzishwa 1964, msije mkadhani haya ni ya Waislamu tu. Mahari mliyopeleka kijijini haina risiti.

Vyeti vya kuzaliwa vya watoto pia, na vile vile jina la baba liandikwe kama lilivyo kwenye kitambulisho.

Kabla sijashuka, kuna vijana wanaozunguka na kuwaambia wajane kwamba wana mtu Nairobi, wanataka shilingi elfu tano "kufungulia mafao", na picha ya kitambulisho, na nambari ya siri ya simu. Kusajiliwa SHA ni bure. Kuandika barua ya kuomba rekodi yako huhitaji dalali. Nambari ya siri hapewi hata mimi.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Haya. Meza ya kushoto wamekaa wanafunzi wawili wenye simu na chaji ya kutosha, hao watawaangalizia kama mmesajiliwa na kama mmelipa, njooni na kitambulisho. Meza ya kulia tutaandika barua za kuomba rekodi, kwa Kiswahili, bure, na karatasi ipo. Aliyekuja na cheti cha jeshi akae mstari wa mbele. Aliyekiacha nyumbani na anakaa Mtongwe au Shelly Beach, bodaboda ni dakika chache, kakilete, tutakungoja mpaka magharibi. Wenye fimbo kwanza, kisha kina mama wenye watoto. Na nyinyi mnaovuka kurudi ng'ambo, tajeni mapema tuwatangulize, feri haina huruma jioni.